Kila Ijumaa Pikipiki Inazima? Kabla ya Kununa, Fungua Kifuniko cha Tangi!

Siku hizi wapenzi wengi wanaanza maisha na pikipiki kabla hata ya kuota gari. Ndiyo ya kwenda kazini, ya sokoni, ya kanisani au msikitini, na ya kwenda kula upepo wikiendi. Lakini siku ikianza kukohoa, inakula hela, inakula usingizi, na isipoangaliwa inakula hata imani mliyokuwa nayo ndani ya nyumba. Mhariri wenu yalimkuta. Soma, cheka ukitaka, halafu ujue pa kuanzia siku ya kwako itakapozima.

Msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa.

Mwaka 2023, kuanzia katikati ya Februari mpaka Aprili, shemeji yenu alikuwa anachelewa kurudi nyumbani. Sio kila siku. Ijumaa tu. Jumatatu mpaka Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni yupo mlangoni, kofia ngumu mkononi, anauliza leo tunakula nini. Ikifika Ijumaa, saa tatu. Mara nyingine saa tatu na nusu. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Pikipiki ilizima njiani mke wangu. Nikasubiri kidogo, ikawaka yenyewe."

Ikawaka yenyewe! Jamani, wewe ungeamini? Kitu kimezima barabarani, hakijaguswa na fundi, kinakaa nusu saa, kinawaka chenyewe, tena Ijumaa tu, siku ambayo mji mzima unajua wanaume wanatoka. Ningekuwa naandikiwa barua hiyo na msomaji, ningemjibu kwa mstari mmoja: dada, fungua macho.

Mimi nilifungua macho kweli kweli. Nilishika simu yake akiwa bafuni, kitu nilichokuwa nimeapa sitakifanya. Sikukuta chochote zaidi ya meseji za fundi anadai salio lake. Hata hapo sikutulia, nikasema huyo fundi ni jina la mtu. Mwezi wa tatu ulipoisha sikuweka hata senti kwenye mfuko wetu wa kiwanja, ule tuliokuwa tunachangia wote wawili. Sikumwambia kwa nini. Nikawa nalala nimeangalia ukutani.

Na mfuko wenyewe ulikuwa unapungua. Kila Jumamosi pikipiki inapelekwa gereji. Plagi mbili, 10,000. Betri mpya, 40,000. Koili, 20,000. Ikaja kabureta mpya, 55,000, kwa sababu fundi alisema "hii kabureta imekufa bosi". Ufundi mara nne, kila mara 10,000. Piga hesabu: 165,000. Kila Jumamosi inatoka gereji inanguruma kama mpya, kila Ijumaa inazima.

Basi bwana, Ijumaa moja ya Aprili tulikuwa na sendi-ofu ya binamu yangu, ikabidi anipitie kazini. Tukasimama sheli, akajaza tangi mpaka juu kama kawaida yake ya kila Ijumaa, tukashika Barabara ya Morogoro. Magomeni tumepita vizuri. Tunakaribia Manzese, injini ikaanza kukohoa, ikavuta kidogo, ikazima. Nimevaa gauni la kitenge, viatu virefu, na nimekaa pembeni ya barabara na mwanaume ambaye kwa wiki nane nilikuwa namwona mwongo.

Akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Hakuna kitu. Nikamwambia angalia mafuta. Akanijibu kwa hasira, "Si tumejaza sasa hivi wote tunaona? Niangalie nini?"

Kulikuwa na mzee mmoja kwenye kibanda cha kuziba pancha. Shemeji yenu akamwamkia, "Shikamoo mzee wangu." Mzee akaitikia, akafuta mikono, akaja. Hakushika bisibisi, hakushika spana. Aliuliza swali moja tu: "Ikikaa kidogo inawaka?" Inawaka, mzee. Akavuta zipu ya kava la tangi, akaomba ufunguo, akafungua kifuniko. Tukasikia sauti, fsss, kama mtu anavuta pumzi baada ya kukabwa. Akarudisha kifuniko juu juu bila kukibana, akasema piga. Kiki ya pili ikawaka.

Mzee akashika lile kava, akaligeuza, akaona limeshonewa sponji ndani na limebana kifuniko kama soksi. Akauliza, "Hili kava nani kakununulia?"

Shemeji yenu akaniangalia. Mimi nikaangalia barabara.

Kava lile nilimpa mimi, siku ya wapendanao, 14 Februari 2023. Reksini nyeusi, uzi mwekundu, na juu kabisa, palepale kwenye kifuniko, herufi za mwanzo za majina yetu. Nilimsisitiza fundi wa kushona alibane vizuri mvua isiingie kwenye petroli. "Binti," mzee akaniambia, wala hakucheka, "tangi nalo linapumua. Wewe umelifunga pua."

TANGI LINAPUMUA VIPI?

Nikaanza kuuliza na kusoma, maana nilikuwa na deni. Nilichojifunza ni hiki, na hakihitaji uwe umesomea ufundi.

Kwenye pikipiki nyingi za kabureta, petroli haisukumwi na pampu. Inashuka yenyewe kwa uzito wake kutoka tangini, inapita kwenye koki, inapita kwenye mpira na chujio, inaingia kwenye kabureta. Kila tone linaloshuka lazima nafasi yake tangini ichukuliwe na hewa. Hewa hiyo inaingia kwa tundu dogo sana kwenye kifuniko. Tundu likizibwa, ndani ya tangi kunakuwa na mvuto unaoishikilia petroli isishuke. Chukua chupa ya maji iliyotobolewa chini, ziba mdomo wake kwa kiganja, utaona maji yanaacha kutoka. Ni jambo hilo hilo.

Sasa kwa nini Ijumaa? Kwa sababu Ijumaa ndiyo siku alikuwa anajaza tangi. Tangi likijaa, nafasi ya hewa iliyobaki ni ndogo, kwa hiyo mvuto unajengeka haraka, dakika chache tu barabarani. Tangi likiwa nusu, hewa iliyopo inatosha kumfikisha. Na kwa nini iliwaka yenyewe? Kwa sababu ukikaa nusu saa, hewa inapenya taratibu kwenye vishimo vya zipu, petroli inashuka, injini inapata. Na gereji je? Kitu cha kwanza fundi alichokuwa anafanya ni kuvua kava ili lisichafuke. Akimaliza kazi, anajaribu, inawaka safi. Halafu kwa heshima zote analirudisha.

Yaani kila neno alilonieleza mume wangu lilikuwa kweli. Lilisikika tu kama uongo.

KABURETA NI NINI HASA?

Pikipiki nyingi za 125 na 150 zilizo mitaani kwetu bado zinatumia kabureta, ingawa matoleo mapya yanayoingiza mafuta kwa kompyuta yanaongezeka. Kama ya kwako ni ya kompyuta, ushauri wa kifuniko, chujio na mafuta safi unakuhusu, ila ya kufungua kabureta yapite.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo kinachoungua vizuri. Kipimo kinachohesabiwa kuwa kamili ni gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Petroli ikizidi, tunasema mchanganyiko ni mzito. Hewa ikizidi, ni mwepesi.

Ndani yake kuna bakuli dogo lenye boya, kama lile la kwenye tangi la choo cha kuvuta. Petroli ikipanda, boya linapanda na kufunga mlango. Ikishuka, linafungua. Juu ya bakuli kuna njia ya hewa iliyobanwa katikati. Injini inapovuta hewa, hewa ikipita pale penye kubana inakwenda kasi na msukumo wake unapungua, basi petroli inapandishwa kutoka bakulini kupitia vitundu vinavyoitwa jeti. Jeti ndogo inahudumia injini ikiwa imetulia bila kuvutwa mafuta, ile hali mafundi wanaita sailensi. Jeti kubwa inahudumia ukivuta mafuta sana. Shika hapo, maana ndipo siri nyingi zilipo.

IMEZIMA NJIANI: FUATA NJIA YA PETROLI

Kosa letu na la fundi wetu lilikuwa moja: tulianzia mwisho. Tulianza kununua vifaa kabla ya kuangalia petroli imefika wapi. Ukikwama, toa pikipiki barabarani, simama mahali salama, kisha fuata njia kuanzia juu.

1. Swichi na koki. Usicheke. Ile swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye usukani, mkono wa kulia, huwa inaguswa bila kujua, na watoto wanaipenda. Halafu angalia koki chini ya tangi: iko wazi, imefungwa, au iko kwenye akiba?

2. Mafuta yenyewe. Tikisa pikipiki usikilize. Usiamini geji peke yake.

3. Kifuniko. Kifungue. Ukisikia inavuta hewa, kisha ikawaka, umepata mchawi. Safisha lile tundu, toa kava, toa stika, toa mfuko wa nailoni uliofunga kujikinga na mvua. Hatua hii haina gharama hata ya shilingi moja.

4. Mpira na chujio. Angalia mpira wa mafuta haujakunjika. Kama una lile chujio dogo la plastiki linaloonyesha ndani, tazama kama lina uchafu au kutu. Injini ikiwa imepoa, funga koki, chomoa mpira upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Petroli itoke mfululizo. Ikidondoka tone tone, tatizo liko juu ya kabureta, kwenye koki, chujio au kifuniko. Usinunue kabureta.

5. Bakuli la kabureta. Chini yake kuna skrubu ya kumwagia. Kinga kwa chupa inayoonyesha ndani, legeza kidogo. Acha itulie dakika moja. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini kama shanga la kioo. Ukiyaona, umeelewa kwa nini inakohoa tangu mvua zianze.

6. Plagi. Baada ya kupiga kiki mara kadhaa bila kuwaka, ifungue. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, kwa hiyo huenda moto ndio haupo au petroli imezidi. Hapo muite fundi, tena umwambie ulichokiona.

7. Filta ya hewa. Kwa vumbi la barabara zetu, inajaa haraka kuliko unavyodhani. Ikiziba, mchanganyiko unakuwa mzito, pikipiki inakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Kama kitabu kinasema ni ya kupulizwa, ipulizwe. Kama ni ya kubadilisha, ibadilishwe. Kuiondoa kabisa "ili ipate nguvu" ni kuikaribisha vumbi ndani ya injini.

INAKUAMBIA NINI?

Pikipiki, kama mtu, ina namna yake ya kulalamika. Haya ndiyo malalamiko yake ya kawaida.

Inawaka kwa choki tu, ukiitoa inazima, lakini ukivuta mafuta inakwenda. Mara nyingi jeti ndogo imeziba. Ukimya mrefu ndio unaoileta hali hii. Petroli ikikaa bakulini wiki nyingi, ile nyepesi inapaa, inabaki nta inayonata kwenye kile kitundu chembamba.

Imetulia vizuri kwenye sailensi, lakini ukipanda mlima au ukivuta sana inamisi na kukosa nguvu. Hapa petroli haifiki ya kutosha. Angalia kifuniko, chujio, koki, kisha jeti kubwa.

Inamwaga petroli chini kwenye kimpira cha kabureta. Boya limekwama au kile kisindano chake kina uchafu. Funga koki upesi. Kisha nusa mafuta ya injini kwenye kijiti cha kupimia. Yakinuka petroli au yakiwa yamezidi kipimo, usiwashe. Petroli imeshaingia kwenye oili, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma. Badilisha kwanza.

Inanguruma juu yenyewe, ukiachia mafuta haishuki. Inaweza kuwa waya wa mafuta umekaza, au ule mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka, hewa inaingia pasipotakiwa. Ukiiendesha hivyo, injini inachemka.

Plagi ina rangi gani? Nyeusi yenye masizi makavu, mchanganyiko ni mzito. Nyeupe kama chaki, ni mwepesi na injini inapata joto kupita kiasi. Ikiwa rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, mshukuru Mungu na uirudishe.

Na choki, wapenzi, ni ya asubuhi injini ikiwa baridi. Ukisahau kuitoa, unamwaga hela kwenye eksozi mpaka ofisini.

MAFUTA YENYEWE JE?

Tanzania tuna historia na neno kuchakachua. Mafuta ya taa yalipokuwa na bei ya chini sana, wajanja waliyachanganya na petroli na dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili tofauti ya bei isiwe kishawishi tena.

Petroli yenye mafuta ya taa inawaka kwa shida, inatoa moshi na kuacha masizi kwenye plagi. Kwa hiyo chagua sheli mnayoiamini, omba risiti kila mara, na epuka petroli ya chupa za barabarani labda umekwama kweli. Hujui chupa ile ilikuwa na nini jana. Na pikipiki isipotumika zaidi ya mwezi, mmesafiri kwenda kusalimia wazee kwa mfano, funga koki na mwaga petroli ya bakulini kabla ya kuondoka. Mkirudi mtanishukuru.

UKIFIKA KWA FUNDI

Mafundi wetu wengi ni wazuri. Tatizo ni kwamba tunawapelekea pikipiki na sentensi moja: "Inazima." Halafu tunakwenda kunywa soda. Fundi yule hakuwa tapeli. Hakuwa na taarifa.

Mpe taarifa. Inazima baada ya dakika ngapi? Ikiwa baridi au imepata moto? Tangi likiwa limejaa au karibu tupu? Kuna mvua au jua? Ilianza lini, na wiki hiyo kitu gani kilibadilika kwenye pikipiki? Swali hilo la mwisho tungeulizana wiki ya kwanza, jibu lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu juu ya tangi.

Pili, mwombe abadilishe kitu kimoja, mjaribu katika hali ile ile inayozimia, ndipo muende kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, hata ikipona hutajua ulipona kwa kipi. Na kifaa cha zamani rudi nacho nyumbani. Kabureta yetu iliyoambiwa imekufa ilisafishwa, ikafungwa tena, na inafanya kazi mpaka leo.

Tatu, jeti haichokonolewi kwa waya wa chuma. Ukiitanua hata kidogo, kipimo kimeharibika. Isafishwe kwa dawa yake au petroli safi na kupulizwa kwa upepo. Skrubu ya hewa nayo sio ya kuzungusha kwa kubahatisha. Hesabu kwanza ilikuwa imezungushwa mara ngapi, uandike, ndipo uguse.

HAPA HATUTANII

Petroli ni kitu cha kuheshimu. Mvuke wake hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na cheche. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka wakati watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wengi wao walikuwa vijana.

Kwa hiyo fanya kazi hizi nje, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko, sigara na mshumaa. Usiingize pikipiki inayovuja sebuleni usiku, hata kama unaogopa wezi. Usinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira, hata kama fundi anafanya kila siku. Ikikupitia kwenye mapafu inaweza kukuua. Ukimeza, usijitapishe, nenda hospitali. Na kamwe usihifadhi petroli kwenye chupa ya soda au maji. Mtoto hasomi harufu, anasoma chupa.

SASA TURUDI NYUMBANI

Kwenye sendi-ofu tulifika saa mbili na nusu, mimi nanuka petroli, gauni lina alama ya vumbi. Tulipopata viti nikamwambia kila kitu. Simu. Mfuko wa kiwanja. Dada yangu, ambaye nilishamweleza kwamba nimeolewa na mtu wa Ijumaa. Alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akasema, "Wiki nane zote hizo, mbona hukupanda nyuma ukaja kuona?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo. Nilikuwa nimepanga mashtaka, nimeita mashahidi, nimetoa hukumu, lakini sikuwahi kusema twende wote Ijumaa hii nione inapozimia. Ni yale yale ya kununua kabureta bila kufungua kifuniko.

Kwa wenye pikipiki ndani ya nyumba, haya ndiyo tuliyokubaliana, mkiona yanafaa chukueni. Tuna daftari dogo la pikipiki: siku ya kujaza mafuta, siku ya oili, kilichobadilishwa, bei. Anaandika yeye, nasoma mimi, na mara nyingine kinyume chake. Kila mwezi tunatenga hela kidogo ya matengenezo, kando kabisa na hela ya kiwanja, ili plagi isigombane na tofali. Na ikizima, anapiga simu palepale inapozimia, sio akifika. Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali ya fundi: tangi limejaa? Imepata moto? Umefungua kifuniko? Maswali ya polisi nimeyaacha.

Kava bado tunalo. Nilimrudishia fundi wa kushona, akakata tundu la duara kuzunguka kifuniko, akalizungushia uzi ule ule mwekundu. Herufi zetu ilibidi zihame. Sasa ziko pembeni, upande wa kushoto, karibu na goti lake.

Mwezi huo nililipa na lile deni la kiwanja, la mwezi wa tatu na la mwezi wa nne kwa pamoja. Ijumaa bado anajaza tangi. Saa kumi na mbili na nusu namsikia anakata kona ya mtaa wetu.